Siku ya kuchagua hawakumuita: je, njia ingali wazi?

Wiki iliyopita muzee mumoja wa Kipushi alifika ku biro yetu, telefone mu mukono. Alifanya kazi chini ya udongo miaka 31, na sasa anakaa mu lupango yake pamoja na bibi yake na wajukuu. Hakuleta malalamiko ya pansio. Alitaka tusikilize sauti ya mujukuu wake mwenye anakaa Marekani, mu jimbo la Iowa.

Wazazi wa ule kijana walikimbia vita, wakapita Zambia, kisha wakapelekwa Marekani wakati mutoto alikuwa na miaka sita. Kule akakomaa, akakuwa mutu wa mwili, akaanza kucheza ule mupira wao wa kukamata na mikono. Iniversite moja ikamusaidia kulipa masomo juu ya ule muchezo. Mwaka huu amemaliza. Mu telefone alisema hivi: «Nkambo, siku ya kuchagua ilipita, hawakuniita. Lakini kisha, ekipe moja ilinipigia telefone, wanasema nikuje kambi mu mwezi wa saba. Kazi ingine iko, ya kufundisha watoto ku masomo. Niende wapi?»

Muzee akatuangalia. «Sasa ninyi watu wa gazeti, muniambie. Mutoto walimukatala, ao walimukubali? Ku nyumba watu wameanza kuhesabu feza. Mumoja anasema mabati, mwingine anasema minerval ya watoto. Miye sijui hata nijibu nini.»

Tulimuomba siku chache. Tulijua kama hii ulizo si yake peke yake. Mu Kolwezi, mu Likasi, mu Lubumbashi, familia mingi ziko na ndugu zao kule, na watoto wao wanacheza ile michezo. Tena kila mutu mwenye alisimama asubuhi ku mulango wa kampani, akasikia majina ya wengine yanasomwa na lake halisomwi, anajua vizuri maumivu ya ule kijana. Basi, haya ndiyo tulipata.

Siku ya kuchagua ni nini

Kwetu, ekipe ikitaka muchezaji, inamutafuta, inasikilizana naye, mambo inaisha. Kule Marekani haiko hivyo. Ekipe 32 za NFL, ndiyo shirika kubwa la ule mupira, zinakutana kila mwaka mu mwezi wa nne. Zinachagua vijana wenye wanatoka ku iniversite, mumoja mumoja, kwa zamu. Ekipe yenye ilishindwa sana mwaka uliopita inachagua ya kwanza, na yenye ilishinda wote inachagua ya mwisho. Zamu ziko saba, na zinachukua siku tatu. Wanaita ile kazi «drafti».

Ilianza mu mwaka wa 1936. Na tangu siku ya kwanza ilionyesha kama kuchaguliwa na kufaulu si jambo moja. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la Jay Berwanger, kijana wa Dubuque, mu Iowa ile ile. Hawakusikilizana juu ya feza, akaenda kufanya kazi ingine. Hakucheza NFL hata siku moja. Wa kwanza kuchaguliwa kwa wote, na hakugusa mupira!

Sisi Wakongo pia tuko na mutu wetu mu ile historia. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakomalia Canada, akacheza ku iniversite ya Michigan. Mu 1996 Carolina walimuchagua wa 8 kwa wote. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini goti likaumia mu mwaka wa kwanza, maumivu mengine yakafuata, na kisha miaka sita muchezo wake ulikuwa umeisha. Kwa hiyo tuseme mapema: hata mutoto akiitwa mu zamu ya kwanza, mabati isinunuliwe siku ile.

Hesabu bila kuficha

Mama mwenye kununua unga anahesabu mbele ya kufungua mufuko. Na sisi tuhesabu.

Shirika la michezo ya iniversite za Marekani, NCAA, linasema vijana karibu 16 000 kila mwaka wanafika wakati wa kuweza kuchaguliwa. Wenye wanachaguliwa hawafike 300. Mu 2024 walikuwa 257. Ni kusema, mu vijana 100, hata wawili hawatimie. Wale wengine wote, maelfu na maelfu, jina lao halisomwi.

Na wale wenye hawakuitwa, je? Hapa ndiyo mulango mudogo unafunguka. Zamu ya mwisho ikiisha tu, telefone zinaanza kulia. Kila ekipe inaweza kupeleka watu 90 ku kambi ya mazoezi, na wale wa drafti hawatoshe kujaza nafasi. Ekipe zinatafuta haraka haraka wale wazuri wenye walibakia. Mara mingi mambo inaisha mu saa chache.

Tena iko jambo moja lenye lilitushangaza. Mwenye kuchaguliwa wa mwisho mwisho, hana uchaguzi: ekipe yenye ilimutaja ndiyo anaenda, hata kama kule wako wenzake watano wa kazi ile ile. Lakini mwenye hakuitwa, kama ekipe mbili ao tatu zinamupigia telefone, anaweza kuuliza: wapi kuna watu kidogo mu kazi yangu? Wapi yule wa mbele amezeeka? Watu wengi wa ule muchezo wanasema hivi: kukosa kuitwa ni afazali kuliko kuitwa wa mwisho na kutupwa mahali pabaya.

Basi muzee, mutoto wako hawakumukatala, na hawakumukubali. Walimuambia akuje ku mulango.

Ku kambi: 90 wanaingia, 53 wanabakia

Kontra yenye wanamupa ule kijana inaandikwa miaka tatu. Tafazali musidanganyike na hii neno «miaka tatu». Ekipe inaweza kuivunja kesho asubuhi. Feza ya kutia sahihi inakuwa ndogo, na mushahara wa kweli unaanza tu wakati machi ya mwaka inaanza, mu mwezi wa tisa.

Mu mwezi wa saba watu 90 wanaingia kambi. Mwisho wa mwezi wa nane lazima wabakie 53. Mara 32, ni watu zaidi ya 1 100 wenye wanafunga mizigo yao karibu siku moja. Kapita anakuja ku mulango ya chumba, anasema mufundishaji anakuita, kuja na kitabu chako. Kila mutu anajua maana yake.

Mwenye kufukuzwa anakaa saa 24 akingoja kama ekipe ingine itamuchukua. Kama hakuna, iko nafasi ingine moja: kikundi cha mazoezi. Kila ekipe iko na watu kama 16 wenye wanafanya mazoezi kila siku na wakubwa, lakini siku ya machi hawavae nguo. Tunaweza kusema ni kama wale wa zhurnalie: kazi wanaifanya, lakini jina halijaandikwa mu kitabu kikubwa.

Feza iko namna gani? Mu 2024, mwenye kikundi cha mazoezi, muchezaji mupya, alipata dola 12 500 kwa wiki. Mwenye kuwa mu wale 53, hata wa chini kabisa, mushahara wake ulihesabiwa dola 795 000 kwa mwaka. Tunajua, hapa watu watasimama na kuita majirani. Lakini mungoje. Ile feza inagawanywa kwa wiki 18. Mwenye alibakia wiki moja tu, anapata ya wiki moja, karibu dola 44 000, kisha serikali inakata kodi, na yule mwenye alimutafutia kontra anakata yake. Wiki yenye kufuata anaweza kuwa bila kitu.

Na pansio yao? Muchezaji lazima apate miaka tatu yenye kuhesabiwa. Na chama cha wachezaji wenyewe kinasema kwa katikati kazi ya muchezaji inadumu kitu kama miaka tatu tu. Ni kusema, wako wengi wenye mulango unafungwa mbele yao wakiwa wamebakiza hatua moja. Watu wa mine watasikia ile maneno bila kuelezwa mara mbili.

Wenye walipita mu mulango mudogo

Sasa tuseme upande ule mwingine, juu ya kama tungaliishia hapa, tungalidanganya.

Mu 1952 mwanaume mumoja jina lake Dick Lane alikuwa anabeba mabati ya chuma mu kiwanda cha ndege kule Los Angeles. Alikuwa amecheza kidogo ku masomo na mu jeshi, lakini hakuna ekipe ilimuita. Siku moja aliingia yeye mwenyewe ku biro ya ekipe ya Rams, na karatasi za gazeti zenye zilisifu muchezo wake, akaomba kazi. Wakamujaribu. Mu ule mwaka wa kwanza, mu machi 12 tu, alinyang'anya mupira wa adui mara 14 ukiwa mu hewa. Leo, kisha miaka zaidi ya 70, na machi ya mwaka imeongezeka, hakuna mutu amefikia ile hesabu.

Warren Moon ni habari ingine. Yeye alikuwa mutupaji, ni kusema mutu wa katikati mwenye anashika mupira na kuongoza wenzake wote. Mu mwanzo wa 1978 aliongoza iniversite ya Washington kushinda machi kubwa ya Rose Bowl. Mu drafti ya ule mwaka zamu zilikuwa 12, na hakuna hata mutu mumoja alitaja jina lake. Sababu? Moon ni mutu mweusi, na wakati ule wakubwa wengi wa ekipe hawakuamini kama mutu mweusi anaweza kuongoza. Walitaka abadilishe kazi, akimbie ao azuie. Akakatala. Akaenda Canada, akacheza miaka sita, akashinda kikombe cha kule mara tano kwa kufuatana. Mu 1984 NFL wenyewe ndiyo walimufuata. Mu 2006 akaingia mu nyumba ya heshima ya ule muchezo, mutupaji mweusi wa kwanza kuwekwa mule.

Wa tatu ni Kurt Warner, na huyu ni mutu wa Iowa. Mu 1994 hakuitwa. Ekipe ya Green Bay ikamupeleka ku kambi, kisha ikamufukuza. Akarudia Cedar Falls, akaingia kazi ya usiku mu magazini kubwa ya chakula, kupanga mikebe na makarton, kwa dola 5 na nusu kwa saa. Cedar Falls inapakana na muji wa Waterloo, kwenye leo familia mingi za Wakongo wanakaa na kufanya kazi mu kiwanda cha nyama. Kama uko na ndugu kule, anapita mule mule.

Warner hakuacha. Akacheza mupira wa ndani ya nyumba, wenye feza kidogo, miaka tatu. Mu 1998 wakamutuma Ulaya, Amsterdam. Ule mwaka ekipe ya Saint Louis ikamuweka nyuma ya wengine. Mu 1999 mutupaji wao mukubwa akaumia mbele ya machi ya kwanza, na hakukuwa mwingine karibu. Warner alikuwa na miaka 28. Akatupa mipira 41 yenye ilizaa pointi, akatajwa muchezaji bora wa mwaka, na tarehe 30 mwezi wa kwanza wa 2000 akashinda Super Bowl, ile machi ya mwisho yenye Marekani yote inaangalia.

Wa ine ni James Harrison, wa ekipe ya Pittsburgh. Muji ule ulijengwa na makaa ya mawe na chuma, na jina lenyewe la ekipe, Steelers, ni watu wa chuma. Harrison alitoka ku iniversite ya Kent State mu 2002, hakuitwa, walisema ni mufupi. Pittsburgh walimuchukua, wakamufukuza, wakamurudisha, wakamufukuza tena. Baltimore nao walimufukuza. Mu 2008 akatajwa muzuiaji bora wa NFL yote. Tarehe 1 mwezi wa pili wa 2009, mu Super Bowl, akanyang'anya mupira karibu na mustari wa nyumba yao, akakimbia nao uwanja wote, metre 91, mupaka ule upande mwingine, na pumzi ikamuishia pale pale.

Na ule mupira nani aliutupa? Kurt Warner, mwenye wakati ule alikuwa anachezea Arizona. Watu wawili wenye hakuna mutu aliwachagua, ndiyo walifanya ile kitu yenye watu wanaikumbuka mupaka leo.

Nini inasaidia mutu kubakia

Tukiangalia wale wenye walibakia, tunaona mambo ine inarudia.

Ya kwanza, mahali. Ekipe yenye inakosa watu wa kazi yako ni bora kuliko ekipe yenye jina kubwa.

Ya pili, kazi zaidi ya moja. Mu ule mupira iko wakati wa kupiga na miguu na kurudisha. Wakubwa wenye mushahara munene hawapendi ile kazi, wanaogopa kuumia. Mutoto mwenye hakuitwa, ile ndiyo chakula yake. Mufundishaji akibakia na nafasi mbili za mwisho, anachukua mwenye anaweza kuziba matundu matatu. Hata kupiga tu na muguu ni kazi: Adam Vinatieri hakuitwa mu 1996, akaanzia Amsterdam sawa vile Warner, na alipoacha alikuwa na pointi 2 673, kupita mutu yeyote wa NFL.

Ya tatu, kichwa. Kitabu cha mipango kiko kinene, na mwenye kukosea mara mbili hana mara ya tatu. Mwenye aliitwa mu zamu ya kwanza wanamuvumilia miaka miwili, juu ya feza yenye walimwaga. Huyu hapana.

Ya ine ni bahati, na bahati haifundishwe. Kama mutupaji wa Saint Louis asingeumia, pengine Warner angerudia kupanga mikebe. Yeye alichoweza kufanya ni kuwa tayari siku ile.

Bei ya mwili

Hatuwezi kumaliza bila kusema jambo hili, kwa sababu wasomaji wetu ni watu wa mine, na wanajua kazi yenye inaacha kitu ndani ya mwili.

Mu ule muchezo watu wa kilo 100 na zaidi wanagongana na vichwa, mara mingi kila siku ya mazoezi. Ilikuwa dokta mumoja Muafrika, Bennet Omalu wa Nigeria, mwenye alifungua macho ya watu. Mu 2002 kule Pittsburgh alichunguza ubongo wa muchezaji mukubwa wa zamani, Mike Webster, mwenye alikufa na miaka 50, akakuta umeharibika. Wakati ule wakubwa wa muchezo walimubishia. Leo hawabishe tena. Ule ugonjwa haukuje siku ya kugongwa. Unakuja miaka mingi kisha, sawa vile mavumbi ya mawe mu mapafu. Kijana wa miaka 22 hausikie. Lakini muzee wa Kipushi alitikisa kichwa mbele tumalize kueleza.

Jibu letu kwa muzee

Yule muzee alirudi juzi, na tulimusomea haya yote. Kisha tukamuambia maneno tatu, na tunayaandika hapa juu ya familia zingine.

Kwanza, aende kambi. Watu 16 000 wanatamani ile telefone, na yeye aliipata. Akikatala, atajiuliza mupaka uzee. Lakini aende na tarehe mu kichwa: mwaka mumoja, ao miaka miwili. Warner alingoja miaka tano mbele ya kucheza kweli, tunasimulia habari yake kwa sababu alifaulu. Wale wenye walingoja miaka tano na hawakuitwa, hakuna mutu anaandika habari yao.

Pili, diplome isibakie nusu. Kijana huyu amekwisha kumaliza, na tunamupongeza. Wengine wanaacha masomo karibu na mwisho, wakisema feza inakuja. Aongee na wale wa masomo kwa heshima, awaulize kama wanaweza kumungojea mupaka mwezi wa tisa. Kuuliza hakulipishwe.

Tatu, na hii ni ya familia, si ya kijana: musihesabu feza yenye haijaingia. Kila telefone ya «utatukumbuka lini» ni kilo moja juu ya mabega yake, na pale kambi kila kilo inahesabiwa. Akirudia mu mwezi wa nane na mizigo yake, apokelewe sawa vile mutu mwenye alitoka kazini. Asipokelewe sawa vile mutu mwenye aliiba.

Muzee alinyamaza. Kisha akasema: «Miye wakati nilikuja Kipushi kutafuta kazi, walisoma majina siku tatu, langu halikutoka. Siku ya ine mutu mumoja hakufika, kapita akauliza nani iko na nguvu. Nilinyanyua mukono.» Akacheka. «Lakini mama yangu, siku zile tatu, alinipikia bukari kila mangaribi, na hakuniuliza kitu.»

Pale pale mu biro akashika telefone, akamutumia mujukuu wake sauti. Hatutaiandika yote. Mwisho alisema: «Enda. Ukibakia, muzuri. Ukirudia, muzuri. Na hii mabati, nimeshawaambia watu waache.»

Kambi itafunguliwa mu mwezi wa saba. Majina 53 yatajulikana mwisho wa mwezi wa nane. Tutawaambia.